Leseni ya Miezi Mitatu

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Hilo ndilo alilolikumbuka mwalimu baadaye, kila usingizi ulipomtoka. Usiku ule wa masika, binti wa jirani aliposhikwa na uchungu wa uzazi, wanawake wa mtaa walikuja kugonga mlangoni pake kwa kuwa kwake ndiko kulikokuwa na gari. Na gari kweli lilikuwepo, Toyota Hilux nyeupe, limesimama chini ya mwembe, mafuta yamo, matairi mazima. Aliyekosekana ni mtu wa kuliendesha. Mtoto wa shemejiye, ambaye ndiye aliyelishika tangu mwenyewe alipofariki, alikuwa amekwenda Sirari kwa shughuli zake. Basi akaitwa kijana wa pikipiki, mzazi akapakiwa katikati, dereva mbele na shangazi nyuma, wakaingia kwenye tope kuelekea Mugumu. Mtoto alizaliwa kabla ya hospitali kuonekana, kando ya njia, kwa taa ya pikipiki na tochi ya simu. Mama na mwana walipona wote wawili. Na watu wa Morotonga, kama walivyo watu kwingineko, jambo likishapona hulicheka: mtoto akabandikwa jina la utani, Boda.

Mwalimu hakucheka. Alikuwa na umri wa miaka 47, mjane wa miaka tisa, na katika miaka yote tisa hiyo gari la marehemu mumewe lilikuwa lake kwa jina na la wengine kwa matumizi. Lilibeba mahindi ya shemeji, ng'ombe wa binamu, maharusi wa ukoo mzima na maiti wawili watatu. Yeye alilitia mafuta, akalilipia bima, akalinunulia matairi. Na alipokuwa na safari yake aliomba, kwa heshima zote, apelekwe. Hakuna aliyemnyang'anya kitu. Ila katika vikao vya ukoo lilianza kusikika swali la kiungwana, swali la mtu asiyetaka ugomvi: gari lisilo na dereva ndani ya nyumba, ni gari la nani? Usiku ule wa uzazi ulilijibu swali hilo vibaya. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwanamke asiyejua la kuufanyia.

Msomaji wa visiwani akisikia Serengeti huenda akaona simba na nyumbu. Morotonga ni kata ya Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, jirani na mji wa Mugumu ulio makao makuu ya wilaya, na wanaoishi huko ni wakulima na wafugaji: mahindi, mtama, ulezi, mihogo, na ng'ombe ambaye ni mali, mahari na heshima kwa pamoja. Magari ya huko ni ya namna mbili. Yako yanayopita na watalii kwenda au kutoka hifadhini, paa limeinuliwa, dereva amevaa kofia na kuongea Kiingereza. Na yako ya wenyeji: pikapu, Hiace zilizoshiba abiria, malori ya ng'ombe, na pikipiki ambazo hesabu yake anaijua Mungu. Baina ya namna hizi mbili pana barabara moja ya vumbi, na kila anayepita hapo humlaumu mwenziwe kwa vumbi hilo.

Udereva wa magari haya ya pili haufundishwi, huibwa. Kijana huanza utingo. Huosha gari, hupakia magunia, hubana gurudumu kwa jiwe mlimani. Siku dereva akichoka humwambia aligeuze gari uwanjani, na siku nyingine alipeleke hadi kisimani na kurudi. Halafu ipo siku, aghalabu ya msiba au ya sherehe, dereva haonekani au kalewa, na yule utingo anaukamata usukani mbele za watu wote bila ya mtu kuuliza chochote. Hapo keshakuwa dereva. Ndivyo alivyojifunza yule mtoto wa shemeji, na kwa hakika alijifunza vyema. Aliweza kulipitisha lile pikapu kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa mvua, mahali ambapo wenye magari ya fahari walilala. Akiisikia gia inavyoingia alijua klachi imebakiza siku ngapi. Miaka tisa hakupata ajali. Miaka tisa, vilevile, hakuwa na karatasi.

Ni yeye mwalimu aliyemwendea kwanza. Kijana alipenda, akaahidi kumfunza kwa wiki mbili tu, asubuhi na mapema, kwenye uwanja wa mpira. Lakini mwalimu wa skuli ya msingi ana ugonjwa mmoja usio na dawa: hufungua kitabu kabla ya somo. Aliitafuta Sheria ya Usalama Barabarani, ile ya mwaka 1973, iliyotungwa Mwalimu Nyerere, jirani yao wa Butiama, akiwa Rais. Akakuta humo kwamba anayejifunza hana budi awe kwanza na leseni ya kujifunzia. Kwamba gari lake sharti liwekwe alama ya L. Na kwamba ubavuni pake akae mtu mwenye leseni kamili. Aliisoma sehemu hiyo mara mbili. Kisha akamwita kijana.

"Mwanangu, leseni yako iko wapi?"

"Mama mkubwa, leseni ya nini? Barabara zote hizi zinanijua."

"Barabara zinakujua. Sheria je?"

Kijana akanyamaza. Mwalimu akamwambia basi waende wote, wakaanze pamoja, na gharama ataitoa yeye. Hapo kijana akainuka. Hakupandisha sauti, kwani kwao mtoto hampandishii sauti mama mkubwa wake, lakini uso ulikuwa umebadilika.

"Mimi nikafungiwe L? Mimi? Wale niliowafunza mwenyewe wanione nimekaa na L?"

Haiba ya karatasi ile, na ubaya wake, vimo katika maneno hayo. Leseni nyingine zote humtangaza mtu kwa anachokiweza. Ya daktari husema huyu anatibu, ya rubani husema huyu anarusha ndege, ya bunduki husema huyu kaaminiwa. Leseni ya kujifunzia ndiyo peke yake inayotolewa na dola, ikapigwa muhuri na kulipiwa ada, kwa ajili ya kuthibitisha kwamba mwenye nayo hajui. Tena haimwachi akakaa na kutojua kwake faraghani. Humtaka akuandike mbele na nyuma ya gari, kwa rangi nyekundu juu ya nyeupe, akapite nako sokoni. Mwari wa pwani akifundwa hufichwa ndani pamoja na kungwi wake, wala hatoki mpaka ajue. Mwari wa barabarani hutembezwa na kungwi wake ubavuni, na mji mzima ukitazama.

Herufi hiyo ina asili yake. Magari yalipoanza, aliyehitaji ruhusa alikuwa mwenye kuliunda: Karl Benz, mwaka 1888, aliomba kibali cha maandishi kwa wakuu wa Baden huko Ujerumani, maana majirani walilalamikia kelele na moshi. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kuendesha, nani angemtahini? Waingereza walianza kutoa leseni chini ya sheria ya mwaka 1903, nayo ilipatikana kwa ada tu. Mtu alilipa, akapewa, akaenda kugonga miti. Ilichukua zaidi ya miaka 30 na maiti wengi mpaka mtihani ukawa wa lazima kwao, mwaka 1935, na ndipo ile L, herufi ya kwanza ya neno lao la mwenye kujifunza, ilipopanda kwenye magari. Nchi zilizokuwa chini ya himaya yao zikairithi pamoja na kupita kushoto. Na hata wao wenyewe hawakuishika daima kwa unyofu: petroli ilipoadimika kwa ajili ya vita vya Suez, mwishoni mwa 1956, mitihani ilisimamishwa na wanafunzi wakaruhusiwa kuendesha bila ya msimamizi. Kijana wa Morotonga angezaliwa London wakati huo asingekuwa na kesi ya kujibu.

Tanzania imezipanga leseni zake kwa herufi. A na ndugu zake ni za pikipiki. C na zake ni za kubeba abiria. D ni ya gari la mtu binafsi. Zinashuka hivyo mpaka G, ambayo ni ya mitambo ya kilimo na migodi. Baada ya trekta, mwisho kabisa wa safu, ipo H. Hiyo ndiyo ya mwenye kujifunza. Aliyezipanga pengine hakukusudia kumdhalilisha mtu, lakini anayeingia kwenye safu kupitia mlango wa nyuma hulijua hilo.

Mwalimu alikwenda peke yake. Alianza na skuli ya udereva ya mjini, chumba kimoja chenye picha za alama za barabarani ukutani na gari moja kuukuu nje. Akapewa fomu. Akapimwa macho, na hapo akagundua kwamba lile giza alilokuwa akilisingizia umeme wa mgao lilikuwa ndani ya macho yake mwenyewe, akaandikiwa miwani. Ikahitajika namba ya mlipakodi, na mtu ambaye mshahara wake ulikatwa kodi kwa miaka 23 bila ya kuulizwa namba akaona ajabu kidogo. Kisha akapanda basi kwenda Musoma, kwa kuwa polisi ndio wanaotahini lakini leseni hutolewa na Mamlaka ya Mapato.

Njia hiyo ya Nata na Sanzate mpaka Makutano ni kipande cha barabara iliyowahi kugombaniwa duniani. Mwaka 2010 serikali ilitangaza nia ya kujenga barabara kuu kutoka huko, kupitia Mugumu na kukata kaskazini ya hifadhi, hadi Loliondo na Arusha. Watetezi wa wanyama wakalalamika kila pembe, na mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ikaamua kwamba kupitisha lami ndani ya hifadhi ni kinyume cha sheria. Katika maneno yote hayo nyumbu alitajwa mara nyingi, na ilikuwa haki atajwe. Mjamzito wa Morotonga alitajwa mara chache. Kina mama waliokuwa ndani ya basi hawakuwa na habari na kesi. Walichokijua ni pale mahali ambapo basi huinama upande mmoja na kila mtu husoma dua yake.

Dirishani, kijana wa kompyuta alimuuliza kama leseni ni ya mwanawe. Hakuuliza kwa jeuri. Mwalimu akajibu kwamba mwanafunzi ni yeye. Akapigwa picha, akaweka vidole, akapewa karatasi yenye jina lake lote na tarehe ya mwisho. Miezi mitatu. Katika basi la kurudi aliitoa mara kadhaa akaitazama. Vyeti vyake vyote vya awali, cha ndoa, cha ualimu na cha mirathi, havikuwa na tarehe ya mwisho. Hiki kilikuwa na siku zake za kuishi, kama mtu.

Mwalimu wake wa udereva alikuwa kijana aliyepita darasa la kwanza mikononi mwake, miaka ishirini na ushei nyuma. Alimkumbuka: mtoto aliyekuwa akigeuza *b* ikawa *d*. Sasa alikaa kiti cha kushoto, miguu yake juu ya breki na klachi za ziada, na tatizo la kwanza lilikuwa waitane vipi. Yeye hakuweza kumwita "mwanafunzi." Mwanamke naye aliona si adabu kumwita jina lake akiwa kazini. Ikawa wanaitana "mwalimu" wote wawili.

"Mwalimu, klachi taratibu."

"Nimeikanyaga, mwalimu."

"Ndiyo, mwalimu, lakini sasa uiachie."

Gari likazimika. Lilizimika siku ya kwanza mara nyingi hata mbuzi wa jirani wakaacha kushtuka. Lililomshangaza mwalimu halikuwa ugumu wa mashine. Lilikuwa jinsi mwili unavyokataa kusikiliza maneno. Kwa miaka 23 aliamini kwamba jambo likielezwa sawasawa huwa limeeleweka, na mtoto aliyeshindwa kulifanya alikuwa hakusikiliza. Sasa alikuwa anasikiliza kwa masikio yote mawili, anaelewa kila neno, na mguu wa kushoto unaruka kama wa mtu mwingine. Alipokuwa ameketi mbele ya usukani, gari limezima kwa mara ya sita, alimfikiria yule mtoto wa *b* na *d*, na viboko viwili vitatu ambavyo huenda alimpa. Hakuwa na uhakika kama alimpa. Kijana kitini pembeni hakulitaja hilo, wala yeye hakuuliza.

Wiki ya pili wakatoka uwanjani, wakaingia barabarani. Wakati huo ndio skuli hutoka. Watoto wa darasa la kwanza walipomwona ndani ya gari linalokwenda mwendo wa bata, na kile kibao kimening'inia nyuma, walifanya walichofundishwa kufanya wakiona herufi. Wakaisoma. "La, le, li, lo, lu!" Wakakimbia nyuma ya gari wakiimba silabi, na vumbi lao, mpaka kwenye kona ya mashine ya kusaga. Wenye mashine wakatoka kutazama. Mwalimu wa kiti cha kushoto akaomba radhi kwa niaba ya barabara nzima. Mwalimu wa usukani hakuondoa macho mbele. "Waache," akasema, "wanasoma vizuri."

Siku hiyo ndiyo iliyofika masikioni mwa mtoto wa shemeji. Waliompelekea habari walidhani watamchekesha. Akasikiliza, akacheka kidogo, akauliza gari lilizimika mara ngapi. Wakamwambia halikuzimika.

Upande wa pili wa mpaka, Isebania, alikuwa na binamu yake aliyeikata leseni ya Kenya miaka kadhaa kabla. Wakurya hawakuulizwa mpaka upite wapi, na wengi wana nyumba mguu huku na mguu kule. Huyo binamu alipenda kusimulia jinsi mtihani wao unavyoanza mezani, kwenye mji mdogo wa ubao uliochorwa barabara na mizunguko, ambako mtu mzima mwenye ndevu hupewa kigari cha mfano na kuambiwa akipeleke mpaka hospitali bila ya kuvunja sheria. Madereva wa lori wa miaka kumi hushindwa hapo. Hujua kuendesha, hawajui kueleza wanachofanya. Na wapo wanaoshindwa kwa sababu mkono unatetemeka kwa haya ya kusukuma kigari cha mtoto mbele ya askari. Kijana alikuwa akiisikia hadithi hiyo kila akienda Sirari na kuicheka. Safari ya mwisho alimwomba binamu airudie, polepole, ule mji wa ubao umekaaje.

Mtihani wa mwalimu haukuwa na kisa. Aliuliza kidogo, akajibu alama za barabarani kama anayesoma mahudhurio, akaendesha, akarudi nyuma baina ya vigingi, akagusa kimoja, akaambiwa arudie, akarudia. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja za ile miezi mitatu. Baadaye akaipata kadi ngumu, ya namna inayotolewa tangu mwaka 2010, ina picha yake na miwani. Jioni hiyo alikwenda chini ya mwembe, akaingia upande wa kulia wa Hilux kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Kiti kilikuwa kimerudishwa nyuma kwa miguu mirefu ya wanaume. Akakivuta mbele, kikakwama, akakivuta tena.

Katika vikao vya ukoo lile swali halikuulizwa tena. Wala hakuna aliyelijibu. Watu waliendelea kuja kuliomba gari, na yeye aliendelea kulitoa, ila sasa wakati mwingine alisema ngoja nivae viatu.

Baada ya mavuno kijana alikuja mwenyewe, usiku, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kukopa. Alitaka kujua ile skuli ya udereva inafungua saa ngapi, na kama ina gari jingine la kujifunzia mbali na lile linalojulikana. Mwalimu akamwambia lipo hilohilo moja. Kijana akatikisa kichwa. Asubuhi wakaenda pamoja, yeye mwalimu akiendesha na kijana ameketi kushoto, mikono juu ya magoti, mguu wake wa kulia ukikanyaga breki isiyokuwepo kila walipokaribia ng'ombe.

Karatasi ikapatikana, na Jumamosi moja yule mwalimu wa udereva akakubali somo la kwanza lifanyike kwa Hilux, kwa kuwa la skuli lilikuwa gereji. Vibao vya L vikafungwa kwa waya mbele na nyuma. Kijana alivifunga mwenyewe, akavikaza, akaviangalia kwa mbali kama anavyoangalia tairi. Akapanda. Mwalimu wa udereva akapanda upande wa pili, mwalimu mwenye gari akakaa nyuma pamoja na gunia la mahindi. Watoto wawili walikuwa wamekwisha kusogea kwenye ua, midomo wazi.

Mkono wa kijana ukaenda kwenye ufunguo, kwa mazoea ya miaka tisa, bila ya kutazama.

"Mkanda kwanza," akaambiwa.

Akaurudisha mkono. Akaangalia kulia, akaangalia chini. Mkanda ulikuwa umeingia nyuma ya kiti tangu siku nyingi, na ilibidi auchimbue kwa vidole, akitoa punje za mahindi moja moja, mpaka akaipata kufuli yake.